Koti la Kwenye Chumvi

Hitima ilipokwisha na wageni wa mbali wakaondoka, mama mdogo Riziki alifungua sanduku la Mama ili tugawe nguo. Kwetu Pemba nguo za marehemu haziwekwi. Hupewa waliobaki, na kila anayepewa huitikia kwa dua. Kanga zilikwenda upesi. Mabuibui yalikwenda kwa majirani waliomuuguza. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, likatoka koti la baridi, nene, la rangi ya biringani, lenye kofia iliyozungushiwa manyoya ya bandia.

Wanawake walicheka. Kilikuwa kile kicheko cha msibani ambacho kila mtu anakihitaji na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukianza. Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa na safari ya mwezini asiyowaambia. Mama mdogo hakucheka. Alilikunjua, akalikung'uta, akaniwekea mapajani, akasema, "Hili ni lako."

Nililinusa kabla ya kulitazama. Lilinuka nafutalini, na chini ya nafutalini kulikuwa na harufu ya grisi. Sijui kama grisi inaweza kukaa kwenye nguo miaka yote ile au ni pua yangu tu iliyoamua. Ila kwenye mkono wa kulia, karibu na kiwiko, doa lilikuwepo, jeusi, alama ya vidole vya Baba.

Tuliishi Sanyuanli, Guangzhou, ghorofa ya juu katika jengo kuukuu ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipotaka. Baba alikuwa akikusanya mizigo ya wenye maduka wa Dar es Salaam na Unguja: leo vitasa, kesho mapazia, keshokutwa mabeseni, chochote kinachoingia kwenye kontena. Mama alikuwa akipika. Wafanyabiashara wa kwetu waliochoshwa na tambi walikuja jioni kula wali wake wa nazi, na mazungumzo yao ndiyo yaliyokuwa redio yangu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeng'oka meno ya mbele. Nilisoma na watoto wa mtaa ule, nikajua Kichina kuliko wazazi wangu wote wawili, na kwa sababu hiyo nikajiona mtu mkubwa.

Pemba sikuijua, niliondoka nikiwa wa kubebwa mgongoni. Nilichokijua ni Bibi, mama yake Mama, na Bibi alikuwa paji la uso. Ndivyo alivyoonekana kwenye simu: aliishika karibu mno akaielekeza juu, nasi tukawa tunazungumza na paji la uso na ukingo wa kanga. Babu alimwachia majaruba ya chumvi, yale madimbwi yanayoingizwa maji ya bahari, jua likayakausha mpaka ikabaki chumvi, na chumvi ikakwanguliwa kwa ubao wenye mpini mrefu. Alikuwa akiyakwangua mwenyewe. Kila simu ilifika mahali pale pale.

"Mikono imekufa ganzi, Mize," alikuwa akimwambia Mama. "Ubao nnaushika, wala sijui kama nimeushika."

"Si umwachie Hamadi, mama?" Hamadi alikuwa mjomba wangu.

"Hamadi ana majaruba yake na watoto wake. Mimi n'nani wake?"

"Wewe ni mama yake."

"Haya," Bibi alisema, na ile "haya" ilikuwa na mambo mengi ndani yake.

Simu ikikatika, Mama alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mimi nilijua ganzi. Ganzi ni mambo ya baridi. Mwanzoni mwa mwaka, nyumba zile za Sanyuanli zisizo na kitu cha kuzipasha moto huwa kama kisima, na vidole vyangu vilikufa ganzi nikiandika kazi za shule. Nikahitimisha kwamba kwa Bibi kuna baridi kali, na ndiyo maana anajitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa sababu sikumwuliza mtu.

Siku moja, tukiwa tunakula, Mama alisema anataka kwenda kwao.

"Likizo tutakwenda sote," Baba akasema.

"Si likizo. Nnataka kwenda kukaa na mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu atakapopitisha amri yake."

Baba aliweka kijiko chini. Hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa mtu wa biashara, na kila kilio alichokisikia alikitafutia bidhaa. "Tatizo ni ile chumvi, Mize," akasema. "Mama anaumia kwa sababu ya chumvi. Nikimwondolea kazi ya chumvi, hakuna haja ya safari. Nitapeleka mashine badala yako."

Mimi nilikuwa hapo hapo, nachambua mwiba wa samaki, na maneno yale niliyachukua kama ahadi iliyotiwa mhuri: mashine ikifanya kazi, Mama anabaki, isipofanya kazi, Mama anaondoka. Shule ilikuwa ikinifunga mimi, biashara ikimfunga Baba, kwa hiyo angeondoka peke yake. Tangu siku ile sikuwa na jambo jingine moyoni. Nilikuwa naogopa, na dawa ya woga wangu ilikuwa mashine.

Habari za ununuzi nilizipata miaka mingi baadaye kwa Baba mwenyewe, ambaye kila mwaka anazisimulia vizuri zaidi. Alikuwa ameona kwenye simu pikipiki ya magurudumu manne inayosukuma theluji kwa bamba la chuma lililofungwa mbele, na palepale akilini mwake ile theluji ikawa chumvi. Magurudumu ni mapana, aliwaza, hayatazama. Bamba linasukuma kitu cheupe kilicholala juu ya ardhi. Tofauti iko wapi? Akaenda dukani. Dada muuzaji akamwuliza mzigo unakwenda wapi. Baba alipomwambia Afrika, dada akatikisa kichwa.

"Feizhou mei you xue," alisema. Afrika hakuna theluji.

"Najua, laoban. Mei you," Baba akamjibu, akimwita bosi. "Wewe niuzie tu."

Dada akamwonyesha mashine ya kukatia majani. Akamwonyesha tela la kufunga nyuma. Katika mji ambao mtu anaweza kukuuzia kiatu cha mguu mmoja na ukamshukuru, Baba alikuwa ameangukia kwa muuzaji pekee mwenye imani. Ilibidi amwonyeshe kwenye simu neno la Kichina la chumvi, kisha picha ya majaruba ya mkwewe, ndipo akauziwa, na hata hapo dada alikuwa na uso wa mtu anayemwachia mgonjwa aende zake.

Stoo ya Baba ilikuwa chini ya jengo la jirani. Alishirikiana na Papa Léon, Mkongo wa Lubumbashi aliyenunua vitambaa na cherehani. Pikipiki ilifika kwanza, nyekundu, na viti vyake vikiwa bado na nailoni. Kisha likaja boksi la bamba, refu kuliko mimi. Ubavuni lilikuwa na picha: mtu aliyevaa koti nene na kofia amekaa juu ya pikipiki kama yetu, mbele yake bamba, mbele ya bamba lundo jeupe. Nyuma yake palikuwa na milima, nayo myeupe, na miti myeusi yenye ncha. Baba aliweka kidole kwenye ule weupe.

"Unaona, mwanangu? Hii ndiyo chumvi ya Bibi."

Alikuwa na maana kwamba tuichukulie hivyo. Mimi nilimwamini neno kwa neno. Theluji niliijua, msinicheke. Niliiona kwenye katuni. Ilishuka kutoka juu polepole na watu wakairushiana. Hii ya pichani haikuwa ikishuka, na yule bwana hakuwa akicheza. Alikuwa kazini. Papa Léon naye akaja akamalizia kunipoteza.

"Papa Saidi, hii machine niliionaka kwa Belgique," alimwambia Baba, akilizunguka boksi. "Ni ya kusukuma neige. Sasa kwenu Zanzibar, neige iko?"

"Theluji yetu sisi ni chumvi," Baba akajibu.

"Ah bon," Papa Léon akasema, akaridhika, nami nikaridhika pamoja naye.

Basi Pemba ikawa hivyo kichwani mwangu: milima myeupe, miti yenye ncha, upepo wa kukata masikio, na katikati paji la uso la Bibi. Boksi lilipofunguliwa niliomba ule ubavu wenye picha. Baba akanikatia, nikaubandika juu ya kitanda changu.

Kazi ya kulifunga bamba alipewa fundi wa pikipiki wa uchochoro wa jirani. Tulimwita Shifu, kama Wachina wanavyomwita fundi yeyote wanayemheshimu. Yeye na Baba hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya ndiyo, hapana na bei gani, na bei walikwisha kupatana, kwa hiyo walibaki na ndiyo na hapana. Wakaipandisha pikipiki juu ya magogo. Shifu akatandika kadibodi, akalala chali chini ya tumbo la pikipiki, na kwa muda mrefu tuliona miguu yake tu. Kwanza alifunga kitako, bamba dogo nene linalokaa chini na kubeba kani yote ya kusukuma, akilishika kwenye mabomba ya fremu kwa bolti zilizopinda kama kwato. Kisha ikaja ile mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye kitako kwenda mbele, ikachomekwa kwa pini. Mwisho bamba lenyewe. Walilinyanyua Baba huku, Papa Léon kule, wakikaripiana kwa Kiswahili cha nchi mbili, tundu likaonana na tundu, pini ikaingia.

Mimi nilipewa kazi ya kuwa uzito. Nilikaa juu ya kiti ili pikipiki isiinuke nyuma, na nikakaa kwa bidii. Shifu alifunga springi zinazolirudisha bamba likigonga kitu, akapitisha waya wa winchi, akautundika kwenye ndoano. Akanionyesha kitufe. Nikabonyeza, bamba likainuka taratibu. Nikabonyeza kingine, likashuka. Nilifanya hivyo mpaka Baba akaniambia betri nayo ina roho.

Kilikuwa kimebaki kifuko kidogo chenye vyuma kama visahani vyenye mguu, na washa nyingi, zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati. Baba alivigeuza geuza, akasema, "Vya akiba hivi," akavitia mfukoni. Ndivyo walivyo wafanyabiashara wetu: kitu kikizidi, ni cha akiba, na cha akiba kina mteja wake.

Kwa majaribio Baba alikuwa amenunua magunia ya chumvi ya mawe, ile wanayotilia mboga za kuchachusha. Akaimwaga uani, juu ya sakafu ya saruji. Shifu aliiokota punje, akailamba, akamtazama Baba. "Yan a?" akauliza, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajaota. Ni chumvi? Akasogea ukutani.

Baba alipanda, akashusha bamba, akaenda. Lilipiga ukelele ambao sijausahau. Makali ya chuma yaliparua saruji, yakafika kwenye mwanya baina ya sakafu na sakafu, yakanasa. Pikipiki ikaruka, bamba likalala kifudifudi, na Baba nusura aende kukaa juu ya mpini. Chumvi iliyosukumwa ilitoka ya kijivu, imejaa vumbi.

"Bu xing," Shifu akasema. Haifai.

Nilimwona Mama akipanda ndege, wazi kabisa, kama vile ile pikipiki ndiyo iliyompeleka. Baba akashuka, akatia mkono mfukoni kutafuta leso ya kujifuta jasho, mkono ukatoka na kile kifuko. Akavitazama vile visahani. Akachutama nyuma ya bamba, akaona matundu mawili matupu. Akaanza kucheka.

"Viatu," akasema. "Bamba tumelipeleka pekupeku."

Na kweli vilikuwa viatu. Bamba hutembea juu yake, makali yasiguse ardhi. Yeye na Shifu wakachutama pamoja, wakiongeza washa, wakipunguza washa, wakipitisha ukucha chini ya makali kupima mwanya. Baba alipanda tena. Safari hii hapakuwa na kelele, ila sauti kama ya mtu anayechota mchele. Chumvi ilikwenda mbele ya bamba, ikajikusanya, ikawa lundo safi, na nyuma yake ukabaki utando mweupe mwembamba. Baba akaniambia ndivyo hasa inavyotakiwa: ukikwangua mpaka chini unachukua matope. Papa Léon alipiga makofi. "Bravo, Papa Saidi! Wewe ni ingénieur!" Mimi nilirukaruka mpaka kiatu kikanivuka.

Mama alikuwa amesimama langoni na hotpoti ya chakula cha mafundi. Sikujua amefika lini. Aliweka hotpoti chini, akaenda kwenye lundo, akachukua chumvi kidogo, akaisugua kwa vidole. Niliona machozi, nikajua tumeshinda.

"Inakokota vizuri," akasema. "Mungu akulipe."

"Umeona, Mize? Kazi ya mama ya kutwa nzima hiyo. Hamadi akipanda hapa, asubuhi tu, kwisha."

"Na Hamadi akishamaliza, nani atamfunga mama kanga? Nani atamsuka nywele? Mikono imekufa, bwana. Kijiko kinamwanguka, nasikia kikilia kwenye simu."

Baba alizima injini.

"Mimi siendei chumvi," Mama akasema. "Nnamwendea mama yangu."

"Mbona hukunambia, kabla sijahangaika hivi?"

"Nilikwambia. Ukanijibu kwa bamba."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Shifu, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa sauti, akaanza kufuta spana zake. Papa Léon akakumbuka mzigo wake ndani. Mimi nilibaki na kiatu mkononi nikilitazama lile lundo. Mashine ilikuwa imefanya kazi. Kila mtu alikuwa ameona. Ahadi imetimia na Mama bado anaondoka. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kutokuwa na hesabu, na nililichukia.

Baba hakubishana tena. Mashine ikaamuliwa iende nayo, maana Bibi alikwisha kuambiwa. Asubuhi kabla haijapakiwa alizipaka grisi pini zote zisipate kutu baharini, akanawa mikono kwa haraka, akanichukua kwenda Zhanxi kununua zawadi, kwa kuwa hakuna atokaye China akafika Pemba mikono mitupu. Zhanxi ni nguo na viatu mpaka macho yanachoka. Watu wanasukumana, mikokoteni inakupita visiginoni, na bei hutajwa ili ikataliwe. Baba alikuwa bingwa wa kukataa. Siku ile alikuwa akinyooshea kidole tu: hivi vya watoto wa Hamadi, kile cha Riziki.

Koti lilikuwa limening'inizwa juu, kwenye kibanda cha nguo za baridi. Nilisimama chini yake nikakataa kuondoka.

"La nani hilo?" Baba akauliza.

"La Mama. La kwenye chumvi."

Alinitazama. Alikuwa na huzuni ile inayomfanya mtu asiwe na nguvu ya kuuliza swali la pili. Alilishusha mwenyewe, akaliacha doa lake kwenye mkono, akalipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Mwenye kibanda alishtuka kiasi kwamba akatuongezea soksi.

Mama alikuwa akipanga sanduku kitandani kwangu, kwa sababu changu ndicho kilichokuwa karibu na dirisha. Nikampa. Nikamweleza kwamba asilipakie chini, alivae mara akishuka, asije akafa ganzi kama Bibi, kwa sababu kule kwenye chumvi kuna baridi, nimeona. Nikamwonyesha yule bwana wa ukutani.

Mama aliitazama picha, akalitazama koti, akanitazama mimi. Hakuwa mtu wa kuacha kosa lipite. Alikuwa akiwasahihisha hata wageni wanaolipa wakikosea jina la mboga. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akaufunga, akalikunja koti, akalipandisha juu ya nguo zote.

"Nitalivaa," akasema.

"Kila ukienda kwenye chumvi?"

"Kila nikienda."

Uwanja wa ndege sikulia. Watu wazima waliniona jasiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo la kushikilia: ameondoka, lakini hatasikia baridi.

Bibi aliishi, mashallah, kuliko ilivyotarajiwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Mama alimfunga kanga na kumsuka nywele miaka yote hiyo. Wazazi wangu hawakuachana. Waliishi tu mbali, Baba akienda na kurudi kama mizigo yake. Mimi nilibaki Guangzhou kwa ajili ya shule, nikala wali uliopikwa na Baba, jambo ambalo sitaki kulizungumzia. Kuhusu mashine, Mjomba Hamadi aliiendesha misimu kadhaa, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kuitazama. Kisha chumvi ikaanza kuila. Kwanza waya wa winchi, halafu pini, grisi au bila grisi.

Likizo niliyokwenda kwa mara ya kwanza, meno yalikuwa yamekwisha kuota yote. Mama alinichukua mpaka majarubani. Kulikuwa na madimbwi ya kijivu, mikoko, nyuki, na jua limesimama utosini. Bamba letu lilikuwa limelazwa juu ya mfereji, watu wanavukia. Nilitazama huku na huku.

"Unatafuta nini?" Mama akauliza.

"Hamna."

Nilikuwa natafuta mlima. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba haupo, lakini macho yalitafuta yenyewe. Mama akacheka kidogo, peke yake, akanipa ubao. Koti sikuliuliza. Niliona haya kwa ujinga wangu, nikajiambia atakuwa alimpa msafiri yeyote wa Ulaya. Tangu hapo halikutajwa tena baina yetu, si mwaka ule wala mingine yote, mpaka mwaka huu nilipopigiwa simu nirudi haraka, nikafika nimechelewa.

"Nilidhani aliligawa zamani," nikamwambia mama mdogo, koti likiwa mapajani.

"Aligawe?" Mama mdogo akasema. "Alikuwa akilivaa."

Yule wa safari ya mwezini akaiweka kanga yake chini.

"Jua la saa saba, mwanangu, watu tunatafuta pa kujificha, yeye anaingia jarubani na koti mpaka kidevuni. Anakwangua mstari wa kwanza nalo, jasho linamchuruzika, ndipo analivua na kulitundika. Kila siku ya chumvi hivyo hivyo. Tulisema China imemharibu akili. Bibi yako akamwambia, 'Mize, vua hilo, utakufa.' Akasema, 'Nimemwahidi mtoto. Kanambia huku kuna baridi.'"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ile likizo uliyokuja. Ulipokwisha kujionea mwenyewe, akalifua, akalifunga kwenye mfuko. Akasema sasa basi."

Niligeuza koti. Kufuliwa lilikuwa limefuliwa, lakini mgongoni, ndani ya bitana, palibaki michirizi myeupe, mmoja juu ya mwingine, ambayo sabuni haikuiweza. Nilimkosa Mama pale kuliko nilivyomkosa siku ya mazishi. Nikasimama, nikalivaa juu ya kanga ya msiba, nikafunga zipu mpaka kidevuni. Mabegani lilinibana.

"We mtoto, vua, utakufa na joto," mama mdogo akasema.

Nikamwambia huku kuna baridi.